Kiwiko Chako, Chemutai

Mpwa wangu Chemutai,

Utashangaa kuona barua yako mahali ambapo kila mtu anaweza kuisoma. Ningeweza kukupigia. Lakini simu zetu za Jumapili unazijua: unanieleza baridi ya huko, nakueleza mvua ya huku, mtandao unakatika, na nafikiri kila mmoja wetu anashukuru kidogo. Tena kuna neno nililisema zamani mbele ya watu, uwanja mzima ukinisikia, na sioni haki ya kwenda kulirekebisha kwa simu, kwenye sikio la mtu mmoja.

Uliniuliza swali moja miaka sita iliyopita, ukiwa umekaa kwenye meza ya buchari yangu. Nilikujibu kwa hadithi. Wewe unanijua, nikikosa jibu sikosi hadithi. Barua hii ndiyo jibu. Nivumilie tu, maana sijawahi kufika mahali popote kwa njia iliyonyooka.

Naandikia hapa Lanet, juu ya meza ile ile. Nimeipaka rangi mara mbili, lakini upande wa chini bado kuna ule mkono uliouchora kwa kalamu, una mishale na majina madogo madogo. Sikuupaka huo. Huku chini hakuna mteja anayetazama.

Nakumbuka ulivyofika kutoka Keringet. Ulikuwa na begi moja na kitabu kizito chenye picha za watu waliochunwa ngozi. Ulikuwa umepata nafasi chuoni, mjini Nakuru, kusomea fiziotherapia, neno ambalo lilinichukua wiki nzima kulitamka, na baada ya hapo nikawa nalitamka kwa watu kuliko wewe mwenyewe. Niliwaambia wateja kwamba msingi ulipata kwangu. Hapa wananiita Dakta. Jina hilo sikujipa, ingawa pia sikulikataa. Nimerudisha mabega yaliyoteguka mengi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwangu. Nilirudisha bega la askari mmoja wa kambi ya jeshi ya hapa Lanet kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika shoka. Nilirudisha taya la mzee aliyepiga miayo kanisani, ibada ikiendelea, na mhubiri hakupoteza hata mstari. Ile ya askari ni kweli. Ile ya kanisani ni kweli kwa kiasi.

Chuo chenu kilikuwa na mifupa ya plastiki ya mtu mmoja, na nyinyi mlikuwa darasa zima. Ulisema ukifika zamu yako, wenzako wameshauchukua mkono, wameuchukua mguu, umebaki na kiuno peke yake. Kwa hivyo ukaanza kusoma kwa mbuzi wangu.

"Anko, hapo usikate."

"Mteja anataka supu."

"Mkatie huku juu. Hilo goti ni langu mpaka saa kumi."

Mteja akauliza, "Kwani hapa mnauza nyama ama mnafanya mtihani?"

"Vyote," nikamwambia. "Na wewe ukiendelea kusimama hapo tutakutahini."

Nimekata nyama miaka yote hii kwa kufuata viungo, kwa sababu shoka ni la mtu asiyejua. Anayejua hutafuta mahali mifupa miwili inapokutana, anapitisha kisu, na mguu unaachia wenyewe. Lakini sikuwahi kuuliza kwa nini hapa panaachia hivi na pale vile. Wewe ulinipangia viungo kama mtu anayepanga vyombo kabatini. Goti na kiwiko ni bawaba, ulisema, kama mlango wa buchari: kwenda na kurudi, basi. Goti lina ujanja kidogo wa kujizungusha, kiwiko hakina. Bega na nyonga ni mpira ndani ya bakuli, ila bakuli la nyonga lina kina na la bega ni kisahani tu, ndiyo maana bega hutoka kwa jambo dogo na nyonga inataka ajali. Pale mkononi kuna mfupa unaojiviringisha juu ya mwenzake, na ndivyo mtu anavyogeuza kiganja kupokea mahindi ya kuchoma. Kifundo cha mkono ni kokoto nane zinazoteleza. Kidole gumba kimekaa kama mtu juu ya tandiko la punda: ataegemea mbele, nyuma na pembeni, lakini haanguki.

Nilikusikiliza kama mtu anayesikia habari za kwao zikisomwa redioni na mgeni.

"Shingo ya mbuzi ina mifupa mingapi, Anko?"

"Kumi na miwili."

"Umeihesabu?"

"Nimechinja tangu hujazaliwa."

"Sijauliza kama umechinja. Nimeuliza kama umehesabu."

Tukahesabu. Saba. Nikasema huyo mbuzi alikuwa na kasoro. Kesho yake tukahesabu ya mwingine, saba. Nikauliza ya mtu, ukasema saba. Nikaona hapa sasa nimekupata.

"Na twiga?"

"Saba. Ila ni mirefu."

Hiyo ilinikalisha. Baadaye nilienda kuwaambia watu wa hoteli ya jirani kuhusu twiga kana kwamba mimi ndiye niliyepanda ngazi nikahesabu. Ukanionyesha ile miwili ya juu kabisa. Wa kwanza unabeba kichwa na kukiinamisha, ukasema huo ndio wa kuitikia ndiyo. Wa pili una kijino kilichosimama, na ule wa kwanza unazunguka juu yake: huo ni wa kukataa. Chini yake, uti wa mgongo wote, kila mfupa unasogea kidogo mno, na katikati ya mmoja na mwingine kuna gegedu kama chapati ndogo nene. Hakuna hata mmoja unaosogea sana, ulisema, lakini ikijumlishwa mtu anainama na kufunga kamba za viatu. Nikainama kukuonyesha. Sikufika kwenye viatu. Ukaandika jambo kwenye daftari lako, na mpaka leo sijui uliandika nini.

Na ile siku ya flamingo. Nilikuwa nikiwasimulia wateja jinsi nilivyomtibu flamingo kule ziwani, aliyekuwa na magoti yote mawili yaliyokunjika kinyumenyume. Nilikuwa nimefika mahali ninapoligeuza goti la kwanza lielekee mbele, ndege ananitazama kwa shukrani, wewe ukainua kichwa kutoka kwenye kitabu.

"Anko, hilo si goti."

"Nini si goti?"

"Hapo katikati ya mguu wa flamingo ni kifundo. Ni kama kisigino chake hicho, anasimamia vidole. Goti lake liko juu, ndani ya manyoya, na linakunjika mbele kama la kwako."

Watu walicheka hadi nyama ikaungua. Mimi pia nilicheka. Nikakwambia, kumbe ndiyo maana alinidonoa.

Hayo nayakumbuka bila shida. Naweza kukaa hapa nikakuandikia kurasa kumi za namna hiyo. Lakini kuna siku ulitoka chuoni na kifaa cha plastiki, rula mbili zilizoshikanishwa kwa kifungo, zinazofunguka na kufungika. Ukaniambia ni cha kupimia viungo. Ukakaa hapa, ukakunja mkono wa shati, ukanyosha mkono wa kushoto juu ya meza mpaka pale unapofika.

"Nishikie hapa, Anko. Usisukume. Shika tu."

Nikashika. Ukasoma ile namba. "Thelathini na tano."

"Ni nyingi?"

"Ni digrii zilizopotea."

"Zimepotelea wapi?" Nilitaka ucheke.

Hukucheka. Ukaandika: kiwiko cha kushoto, mwenyewe, thelathini na tano. Kisha, bila kuniangalia, ukaniuliza swali lako.

"Siku ile uliposhika mkono wangu, kabla hujavuta, ulisikia nini?"

"Nilimsikia mamako akilia."

"Nauliza mkononi."

Nikakupa hadithi ya fahali wa Keringet aliyeteguka nyonga, jinsi nilivyomlalia mgongoni nikaisukuma kwa goti, sauti ikasikika mpaka kijiji cha pili. Ulinisikiliza mpaka mwisho. Ukaosha kisu, ukakiweka mahali pake, ukasema, "Sawa, Anko." Hukuniuliza tena. Ulimaliza masomo, ukafanya kazi hapa miaka miwili, ukaenda nchi ya mbali kunyoosha magoti ya wazee wa watu. Kwenye uwanja wa ndege ulinikumbatia kwa mkono mmoja na nusu, kama unavyokumbatia kila mtu.

Sasa nirudi nyuma, kwa sababu wewe ulikuwa na miaka saba na mambo mengine hukuambiwa.

Babu yako, baba yangu, alikuwa mtu wa kurudisha viungo, na hilo halina chumvi. Watu walimjia kutoka Kuresoi yote, wengine wamebebwa kwa mlango. Kazi hiyo kwetu haisomewi kitabuni, inashikwa. Alinifundisha jikoni, kwa mguu wa mbuzi ukiwa bado na ngozi yake, nimefungwa macho kwa kitambaa. Na ilikuwa na mpangilio. Unaanza na vidole. Ukivijua vidole unapewa bega. Baada ya bega ni kifundo cha mguu. Kiwiko na mgongo ni vya mwisho kabisa, na kuna watu walioshika kazi hii mpaka uzeeni bila kupewa kiwiko.

Mimi nilifika begani. Nakuandikia jambo hili kwa mara ya kwanza, na wanaonijua walisome vizuri: nilifika begani. Baba aliugua, akafariki, na kule kwenye kifundo cha mguu tulikuwa hata hatujaanza. Watu walipouliza kama mzee aliniachia kazi, nikasema aliniachia. Hakuna aliyeuliza mpaka wapi.

Jambo moja alinifundisha ambalo lilikuwa la viungo vyote, na alilirudia kila siku kabla hajanifunga kile kitambaa. Kilichoteguka hakisemi, aliniambia. Ukikishika kimenyamaza, kimegoma tu. Lakini kilichovunjika husema. Utakisikia vidoleni kabla ya masikioni, kama sukari iliyomwagika sakafuni ukiikanyaga kwa kiatu. Kikisema, ondoa mkono. Funga, peleka hospitali, usijaribu kuwa mwanamume.

Ilikuwa wakati wa kuvuna viazi, hata mwaka haujaisha tangu tumzike mzee. Trela lilikuwa limepakiwa magunia, nawe ulikuwa umepanda juu kabisa unapungia watu mkono kama mbunge. Trekta likashtuka. Ulianguka ukatanguliza mkono wa kushoto. Nilipofika kiwiko kilikuwa kimefura na kuchukua umbo ambalo sikulijua, na ua la mamako lilikuwa limejaa watu.

"Tumpeleke dispensari," mamako akasema.

"Dispensari ya nini, na huyu si mtoto wa mzee?" mtu akajibu. Wakanitazama wote.

Ningeweza kusema kiwiko sikupewa. Ni maneno mawili. Nikasema, "Leteni maji ya moto."

Nikashika. Hapo katikati kuna kitu, nitakirudia. Nikavuta. Ulilia mara moja, kisha ukazirai, na watu wakasema afadhali, hasikii. Nikafunga kwa vijiti. Nilikuja kila asubuhi na kila jioni kwa wiki mbili nikafungua, nikakanda kwa maji ya moto na mafuta ya kondoo, nikakunja na kukunjua, kwa sababu bega hufanyiwa hivyo na bega ndilo nililolijua. Ulikuwa ukiniona na beseni unakimbilia nyuma ya zizi. Mamako anakutoa huko akikuambia, "Njoo, Anko anakusaidia."

Kadiri nilivyokanda ndivyo kilivyogoma. Wiki ya tatu mamako akakupeleka dispensari bila kuniambia. Muuguzi wa pale alikuwa Sista Tabitha. Aliufunga mkono wako kwa bandeji, akaandika barua ya hospitali kubwa, akamwambia mamako maneno manne: "Mkono huu umecheleweshwa sana." Huko hospitali wakakuwekea plasta. Ilipotolewa, kiwiko kikabaki hivyo unavyokijua.

Mimi nikapata pa kuegemea. Nikasema mkono ulikuwa unapona vizuri mpaka Sista Tabitha alipouingilia. Nikasema kiungo ni kama mshipi wa ngozi, ukiufunga unakauka. Watu wakanielewa, kwa sababu nilieleza vizuri. Kina mama wakaanza kuipita dispensari ile na watoto mgongoni, wakienda ile ya mbali. Sista wakampa jina, Mkausha Mikono. Sikulitunga mimi. Lakini najua lilitoka kwenye mdomo wa nani.

Sasa ile siku ya uwanjani. Ulikuwa umemaliza shule na hukutaka kitu kingine chochote ila jeshi. Tangu utotoni, ukija kunitembelea Lanet ulikuwa unasimama barabarani kuangalia wanajeshi wakikimbia asubuhi, unahesabu hatua zao. Siku ya kuandikisha tulienda pamoja. Ulikimbia ukawaacha wasichana wote na wavulana wengi, na hapo siongezi kitu, uwanja mzima ulikuona. Kisha mkapangwa mstari kukaguliwa. Nilikuwa nimeegemea uzio, nasikia kila neno.

"Nyosha mikono," afande akasema.

"Nimenyosha, afande."

"Huo wa kushoto. Nyosha wote."

"Ndio wote huo, afande."

Akaushika, akaukunja, akaukunjua, akafika pale unapogota. Hakukasirika. Alikuambia tu utoke kwenye mstari, akamwita anayefuata. Ulitoka ukitembea wima, macho mbele, kama tayari wamekuchukua.

Watu walinitazama, kwa sababu nilikuwa nimewaambia wote wewe ni nani wangu. Ndipo nikapaza sauti. Nikasema ni bandeji ile, ni yule muuguzi wa Keringet aliyemharibu mtoto, kama si yeye msichana huyu angekuwa afisa. Nikalitaja jina lake zima. Nikalirudia kwa wale wa nyuma. Wewe ulikuwa unafunga viatu vyako kwa ule mkono mmoja mzuri ukisaidiwa na mwingine, na hukuinua kichwa.

Baada ya mwaka ulichagua fiziotherapia. Hakuna aliyekuuliza sababu, hata mimi.

Utauliza kwa nini nasema leo. Mwezi uliopita mama mmoja wa zile nyumba mpya alikuja buchari na binti yake, wa miaka sita hivi. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye ukuta. Alikuwa ameshika mkono wake wa kushoto kwa wa kulia, namna ile ile, na kiwiko kilikuwa na umbo lile lile.

"Dakta, nimeambiwa nisiende mbali wewe uko."

Wateja wakasogea kuona. Unajua vile wanavyopenda. "Vuta, Dakta, tuone! Mama, funga macho, ni dakika moja!"

Nikaweka mikono yangu nyuma ya mgongo. Nikasema, "Kiwiko sikijui."

"Ati nini?"

"Mimi najua bega na vidole. Kiwiko sikufundishwa."

 Halafu mmoja akasema, "Leo amechinjwa yeye mwenyewe," na wakacheka. Nikavua aproni yangu, ile safi, nikaufunga mkono wa mtoto kwenye kifua bila kuunyosha, kama ulivyonionyesha, nikafunga buchari mchana kweupe, nikawapeleka hospitali. Eksirei ikatoka. Mfupa ulikuwa umevunjika juu kidogo ya bawaba. Yule kijana wa zamu akamuuliza mama, "Nani ameuvuta?"

"Hakuna."

"Vizuri sana," akasema.

Nimesifiwa maisha yangu yote kwa mambo ambayo sikuyafanya. Hii ilikuwa mara ya kwanza nasifiwa kwa kutofanya. Yule msichana amefunguliwa plasta juzi. Alikuja kunionyesha. Alinyosha mkono mbele ya uso wangu mpaka kidole kikanigusa pua.

Wiki ile ile ya hospitali nikapanda Keringet. Sista Tabitha alistaafu, analima viazi na sukuma wiki nyuma ya nyumba yake. Nilimkuta ameinama shambani. Mgongo wake bado mzuri kuliko wangu.

"Umeleta nyama?" akaniuliza, hajanisalimia.

"Nimeleta kilo mbili, na neno."

"Anza na neno. Kwa baridi hii nyama haiozi."

Nikamwambia lote. Aliendelea kung'oa magugu. Nilipomaliza akasema, "Nilijua siku ile ile. Mkono uliokandwa unajulikana ukiushika."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Wewe ulikuwa na mdomo, mimi nilikuwa na bandeji." Akarusha magugu kando. "Mtoto umemwambia?"

"Bado."

"Basi hapa unafanya nini?"

Alichukua nyama. Hakunikaribisha chai, na sikutarajia. Nimemwahidi kwamba itaandikwa, na jina lake litatajwa kwa sauti ile ile niliyolitaja uwanjani. Kwa hivyo: Sista Tabitha wa Keringet hakuharibu mkono wa mtu. Aliupata umeharibika. Waliomwita lile jina waliache, na watoto wao waambiwe. Mamako nimemsomea maneno haya jana. Alinisikiliza huku akimenya viazi, akamenya na vya kesho. Kisha akaniambia niitume kabla sijaanza kuipamba.

Sikuombi uniambie kitu, Chemutai. Jumapili ukipiga, tuongee juu ya baridi ukitaka. Wewe ni mtu wa kupima, na hili pia ulipime, uandike namba utakayoona. Huko uliko nasikia wazee wanakungoja mlangoni na kukataa kushikwa na mtu mwingine. Hilo siliongezi wala sijifanyi nililifundisha mimi.

Sasa jibu. Uliniuliza nilisikia nini mkononi, kabla sijavuta. Miaka yote hiyo nilikuwa nautumia ule mfupa wa pili wa shingo, wa kukataa. Leo natumia wa kwanza.

Mkono wako ulisema. Ulisema mara moja, kidogo tu, kama sukari chini ya kiatu, nami nikausikia vizuri kabisa. Kisha nikavuta.

Jifunike huko, na huo mkono uulinde na baridi.

Ni mimi mjomba wako, kaka wa mamako, niliyefika begani.